Malaria haipo, mbona kijana bado anahema?

Hapa kwetu Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, kuna maneno nayasikia kila msimu wa mvua mpaka yamenichosha, eti mafua ni ugonjwa wa watoto na wazee, kijana akipiga chai ya tangawizi akalala jasho likamtoka, asubuhi anaamka mzima. Mara nyingi ni kweli na hapo ndo shida inapoanzia, maana kwa kuwa mara nyingi ni kweli watu wanachukulia ni kila mara. Mi ni nesi, nimefanya kazi vituo vya afya vya huku Tororo na mpakani, na vijana niliowaona wakizidiwa na mapafu baada ya virusi sio wale wa kuugua ugua, ni wapakia mizigo, watu wa boda, wasichana wa saluni, mama mjamzito wa mimba ya kwanza. Wanafika wamechelewa. Na wanachelewa kwa sababu mwili wa kijana unaficha ugonjwa, unavumilia unavumilia alafu unaanguka kwa mara moja, na hiki ndo kitu nataka kila mama, kila tajiri wa lori na kila anayelala chumba kimoja na rafiki yake akijue.

Binamu yangu ameniruhusu nimuongelee ila bila jina. Ni tanboi wa trela, yaani utingo, wakati ule alikuwa na miaka 24, hajawahi kulazwa tangu azaliwe, gunia la mahindi analipandisha mgongoni huku anabishana na mtu kuhusu mpira. Ilikuwa Juni 2021, wimbi la pili la korona, ile ya Delta, tumefungiwa siku 42, magari ya mizigo tu ndo yanapita. Akarudi kutoka safari ya Mombasa na mafua, kichwa, viungo vinauma, homa. Akaenda kliniki moja ya karibu, wakampima malaria, haipo, lakini bado wakamdunga sindano ya malaria, wakamwambia wakati mwingine inajificha kwenye ini. Baada ya siku chache akapata nafuu, akaoga, akala posho (ugali) na maharage, akaanza ata kuulizia lini gari inatoka. Alafu jioni homa ikarudi kali kuliko ya kwanza.

Mama mdogo akanipigia usiku. "Mwanangu, hii malaria imempanda, sasa anaongea neno moja anapumzika, neno moja anapumzika."

Nikamwambia, "Mama, weka simu kwa loudspika, mfungue shati, angalia kifua tu, kila kikipanda hesabu moja, usimwambie unahesabu nini, mi naangalia saa."

Tukahesabu dakika nzima. 38.

Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akifika 30 akiwa amelala tu, hajapanda ngazi, hajakimbia, huyo ni mgonjwa mahututi ata kama anakucheka usoni. Usiku wa kafyu tukahangaika mpaka tukapata gari, tukafika hospitali, wakamwekea kile kipimo cha kidole, oksijeni 78, wakati asiyeumwa anakuwa na 95 kwenda juu. Sabini na nane! Na yeye ameshika simu anamjibu bosi wake WhatsApp, ananiangalia ananiambia, "Dada, mi niko poa, ni uchovu tu." Nikamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

Watu wengi wananiuliza inawezekanaje mtu akose oksijeni hivo na asijisikie anakabwa. Ni hivi, ile hisia ya kukabwa, ya kutaka hewa kwa nguvu, kwa sehemu kubwa ubongo unaipata kutokana na hewa chafu, ile kaboni daiyoksaidi, ikijaa kwenye damu, sio sana kutokana na oksijeni kupungua. Sasa mapafu yakianza kuharibika na virusi, oksijeni ndo inapata shida kupita kwanza, ila hewa chafu bado inatoka vizuri tu, tena kijana ana misuli ya mbavu yenye nguvu anaitoa kwa kasi, kwa hiyo kengele ya ubongo hailii. Mzee angekuwa ameshalegea zamani. Kijana anaendelea, moyo unakimbia, pumzi zinakimbia, anatembea mpaka chooni mwenyewe, na siku misuli ikichoka ndo unasikia eti jana tu alikuwa anaongea vizuri.

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vidogo vya hewa, mamia ya milioni, kuta zake nyembamba kiasi kwamba oksijeni inapenya kuingia kwenye damu bila shida. Virusi kama vya influenza (yale mafua makali) au korona vikishuka mpaka huko chini vinaua seli za hizo kuta, na vinaua pia zile seli zinazotengeneza majimaji ya kulainisha vifuko visijikunje. Kisha mwili wenyewe unaleta askari wake, na kwa kijana hao askari ni wengi na wana nguvu, vita inakuwa kubwa kuliko adui, mishipa inavuja, maji na protini vinamwagika ndani ya vifuko, mapafu yanakuwa mazito na magumu kama unga ulionyeshewa juu ya lori, haupumui tena. Madaktari wanaiita ARDS, yaani mapafu kushindwa ghafla kupitisha oksijeni, mara ya kwanza ilielezwa kwenye jarida moja la Uingereza mwaka 1967, wagonjwa 12 tu, na baadhi yao walikuwa na nimonia ya virusi. Sio korona iliyoileta, ilikuwepo.

Na hii habari ya vijana sio mpya jamani. Homa kubwa ya 1918, nayo ilikuwa influenza, iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 au zaidi dunia nzima, na kilichowashangaza madaktari wa wakati ule ni kwamba karibu nusu ya waliokufa walikuwa kati ya miaka 20 na 40, watu wa nguvu. Huku Afrika Mashariki iliingilia bandarini, ikapanda na reli na njia za wapagazi, wale wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita ya Wazungu, wanarudi makwao wamechoka, wamekonda, wamelala wamebanana. Mwaka 2009 ikaja tena influenza mpya, H1N1, wengine waliiita ya nguruwe, na makadirio ni kwamba waliokufa 80 kati ya 100 walikuwa chini ya miaka 65, wakati influenza ya kawaida kila mwaka inachukua wazee zaidi. Wajawazito waliumia sana mwaka ule, na watu wanene pia. Kwa hiyo mtu akikuambia mafua hayaui kijana mwambie aulize ya 1918.

Sasa kuna kitu kingine ambacho binafsi nakiogopa kuliko vyote, ile nafuu ya katikati. Mgonjwa anaanza kupona, siku moja mbili ana nafuu, kisha homa inarudi, kifua kinachoma upande mmoja, makohozi yanageuka rangi ya kutu au yana damu. Hapo mara nyingi virusi vimeshafungua mlango na bakteria wameingia, hasa yule wa nimonia ya kawaida na yule wa majipu, stafilokokasi, ambaye akishuka kwenye mapafu ya kijana mwenye influenza anaweza kuyatoboa mashimo kwa muda mfupi sana. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walirudi kuangalia vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa vya watu waliokufa 1918, wakakuta karibu wote walikuwa na nimonia ya bakteria juu ya virusi. Yaani wengi waliuawa na kitu ambacho leo tuna dawa yake, ikiwahi. Kwa hiyo ile nafuu ikivunjika usiseme "ugonjwa unamalizikia", hapana, beba mgonjwa mwende.

Nirudi kwa malaria maana najua nimegusa watu. Sisemi malaria isiangaliwe, Uganda ni nchi ya malaria, kijana ana homa lazima apimwe, na malaria kali yenyewe pia inaweza kumfanya mtu ahemee juu juu. Ninachosema ni kwamba kipimo kikisema haipo, swali halijaisha, ndo kwanza limeanza. Ukiona kliniki inampa dawa ya malaria mtu ambaye kipimo hakina malaria, na hakuna aliyemhesabia pumzi, hakuna aliyemsikiliza kifua, hakuna kipimo cha oksijeni kidoleni, chukua mtu wako uondoke naye kwa heshima. Hizo siku zinazopotea kusubiri dawa ya malaria ifanye kazi kwa mtu asiye na malaria ndo siku mapafu yanajaa. Mwulizeni pia daktari kuhusu HIV na TB, bila aibu, kwa sababu kijana anayekohoa na oksijeni iko chini huenda hiyo ndo dalili ya kwanza ya HIV au TB mwili wake unatoa.

Kuhusu kile kipimo cha kidole. Siku hizi kinauzwa ata kwenye maduka ya dawa ya mjini, na kama familia au kampuni ya malori inaweza kununua kimoja kikae, kinunuliwe. 95 kwenda juu ni sawa, 94 kwenda chini tafuta daktari siku hiyo hiyo, chini ya 90 ni dharura, usingoje ata uji uive. Toa rangi ya kucha na kama dada ana hina kwenye vidole tumia kidole kisicho na hina, mikono ikiwa baridi isugue kwanza. Lakini sikiliza hii vizuri. Desemba 2020 ilitoka ripoti kutoka Marekani kwamba hivi vipimo vinadanganya zaidi kwenye ngozi nyeusi, kipimo kinaonyesha kati ya 92 na 96 kumbe damu yenyewe iko chini ya 88, na kwa wagonjwa weusi ilitokea karibu 12 kati ya 100, kwa weupe karibu 4. Sasa sisi tunakaa wapi? Mi inaniuma sana hii, kifaa tunachokitegemea vituo vyote kimepimiwa zaidi ngozi za watu wengine. Ndo maana kwangu kuhesabu pumzi kunakuja kwanza, namba ya kidole inafuata. Kidole kikisema 94 na kifua kinasema 34, amini kifua. Na rangi usiiangalie usoni, kwa mtu mweusi hutaiona, angalia ulimi na ndani ya mdomo wa chini.

Hospitali kinachookoa wengi ni oksijeni, sio miujiza. Juni 2021 tulijifunza hesabu ambayo sikuwahi kufikiria nitaifanya kila usiku, mtungi mkubwa una lita kama 6,800, mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa masaa 11 na kidogo, kwa hiyo wagonjwa watatu wa hivo ni mitungi 6 mpaka 7 kwa siku, na lori la mitungi liko njiani. Zile mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani ni nzuri lakini nyingi zinatoa lita 5 au 10 tu na umeme ukipotea zinanyamaza. Ndugu za wagonjwa walikuwa wanasimama getini wakisikiliza mlio wa jenereta.

Kitu cha pili ni kulala kifudifudi. Watu wanadhani ni mzaha, mgonjwa hapumui alafu mnamgeuza tumbo chini? Lakini sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, ukilala chali moyo na tumbo vinaikandamiza na maji yanakaa huko, ukigeuka ile sehemu inafunguka. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2013, kwa wagonjwa wa ARDS kali waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliolazwa kifudifudi angalau masaa 16 kwa mkupuo walikufa 16 kati ya 100 ndani ya siku 28, waliobaki chali karibu 33. Haihitaji dola, inahitaji mikono. Binamu yangu hakufika kwenye mashine, alikuwa na maski ya oksijeni tu, na mama mdogo ndo aliyekuwa anamgeuza, mto chini ya kifua, mto chini ya nyonga, kichwa pembeni, anamwimbia nyimbo za kanisani taratibu ili asivue maski. Tulikuwa tunaangalia namba inapanda, 84, 88, 91, akigeuka chali inashuka tena, basi mama anamrudisha, "lala hivo hivo baba, lala hivo."

Dawa sasa, na hapa nataka niseme kwa ukali kidogo. Deksa, yaani deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga ya mwili. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha Juni 2020 kwamba deksa inapunguza vifo vya korona kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa walio kwenye oksijeni. Kwa wale ambao hawahitaji oksijeni haikusaidia kitu. Lakini huku mitaani watu wakasikia nusu ya habari, kijana anaanza mafua leo, kesho anadungwa deksa kliniki, homa inashuka anajiona amepona, kumbe umewaambia askari wa mwili walale wakati virusi bado vinazaliana. Na kwa influenza deksa haina ushahidi huo kabisa, wengi waliopewa dawa za aina hiyo kwa influenza kali matokeo yao yalikuwa mabaya zaidi. Usikubali sindano ya deksa kwa mafua ya nyumbani. Influenza ina dawa yake, oseltamiviri, inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku 2 za kwanza, kwenye duka la dawa la trading senta sio rahisi kuikuta, lakini mjamzito au mtu mwenye pumu, kisukari au HIV akipata homa kali na kikohozi, muulize daktari wa hospitali kubwa kuhusu hiyo dawa mapema. Kujifukiza kunafungua pua, sikatai, hakuongezi oksijeni kwenye damu, na nimewauguza watu waliojimwagia maji ya moto wakijifukiza.

Nisisahau tetekuwanga. Mtoto akiipata anajikuna, yanaisha. Mtu mzima akiipata, hasa mvuta sigara au mjamzito, inaweza kushuka kwenye mapafu siku chache baada ya vipele, kikohozi, kuhema, eksirei imejaa madoa. Ina dawa pia, asikloviri, nayo inataka kuwahi. Dada mjamzito ambaye hujawahi kuugua tetekuwanga, nyumba yenye mtoto wa vipele usiingie, na kama umeshaingia nenda kliniki ya wajawazito kabla hujaanza kuumwa.

Kuhusu kupona nisiwapake mafuta. Watafiti wa Toronto, Canada, waliwafuata manusura wa ARDS kwa miaka 5, wakatoa matokeo 2011, mapafu ya wengi yalirudi karibu na kawaida, lakini walipopimwa umbali wa kutembea kwa dakika 6 walikuwa wanafika 76 kwa mia ya kile kinachotarajiwa, na wengi walikuwa na hofu na mawazo. Binamu yangu alirudi barabarani, ila kupakia alikuwa hawezi kwa muda mrefu, wenzake wakamwita mvivu, na hicho kilimuuma kuliko sindano zote. Tajiri wake alimpa kazi ya makaratasi ya forodha mpaka misuli irudi, na hilo mi namshukuru yule mzee mpaka leo. Kijana aliyetoka kwenye oksijeni anahitaji miezi, atembee kidogo kidogo kila siku aongeze, ale vizuri mayai maharage mukene (dagaa), asirudi kwenye sigara, na mtu asimcheke.

Kwa hiyo ukiwa na kijana ndani ana homa na kikohozi, mhesabie pumzi dakika nzima asubuhi na jioni, uandike kwenye karatasi na saa. Ukifika kituo cha afya usianze na "ana malaria", anza hivi: "Sista, anapumua mara 32, homa ilikuwa imeisha imerudi, kipimo cha malaria hakikuona kitu, naomba mpime oksijeni sasa hivi." Nesi akisikia maneno hayo anaacha kila kitu anakuja. Kama pale hawana oksijeni, omba barua ya rufaa na uulize kabla hujaondoka kama huko unakoenda ipo, wapige simu wakiwa mbele yako, na kwenye gari mgonjwa akae ameegemea mbele au alale kwa tumbo, madirisha wazi, asilazwe chali.